Jina Kwenye Kizoleo

Kila siku ya kazi, saa moja kasoro robo asubuhi, mfagiaji wa ofisi ya maji alifungua chumba cha makarani, akaegemeza fagio ukutani, akavua viatu. Alivivua kwa sababu nukta hujibana kwenye soli, na kuzichokoa moja moja kwa njiti ya kiberiti ni kazi ya kumtoa mtu machozi. Tangu ofisi ilipoachana na mashine za taipu ikaletewa kompyuta nne zilizokwisha kutumika kwingine, herufi yoyote iliyofutwa kwenye kioo ilianguka sakafuni, chini ya meza ya aliyeifuta. Siku ya kwanza alipozikuta, mfagiaji aliuliza kama ni za kutunza au za kutupa. Aliambiwa za kutupa, basi akazitupa.

Ofisini walimwita Mama Deki, na kwa miaka kumi na mmoja hakuna aliyehitaji kumwita jina jingine. Uchafu wa herufi aliuzoea upesi. Herufi kubwa ni nzito na zinazoleka bila shida. Ndogo hupeperuka dirisha likiwa wazi. Mkato hunasa kwenye dekio kama ndoano, herufi o huviringika hadi nyuma ya kabati, na maneno yaliyokolezwa wino yanataka beleshi. Wasumbufu kuliko wote ni wale wanaosogeza kichwa cha barua katikati kwa kubonyeza nafasi tupu mara thelathini, halafu wakabadili mawazo. Nafasi tupu hazionekani. Unafagia hewa, unazoa hewa, na ndoo inajaa.

Kwa njia hiyo alizijua siri za ofisi kuliko mtu yeyote, ingawa hakuna aliyemuuliza. Chini ya meza ya mkuu wa ofisi alizoa kila asubuhi "tunaomba radhi" mbili tatu, "kosa ni letu" moja, na siku za Ijumaa rundo zima la "kabla ya mwisho wa mwezi". Wananchi waliolalamika kwamba mabomba yao yanatoa upepo walipelekewa barua fupi yenye salamu na sahihi. Sehemu iliyobaki alikuwa nayo Mama Deki kwenye ndoo.

Jambo moja tu lilimkosesha raha: alikuwa kibarua. Miaka kumi na mmoja, kibarua! Ukiumwa, siku hiyo hukufanya kazi. Ukifiwa, hukufanya kazi. "Likizo" ni neno alilolizoa mara nyingi kutoka chumba cha mkuu, lakini kupewa hakuwahi. Alichotaka ni barua ya ajira ya kudumu, karatasi moja yenye muhuri, ili siku akishikwa na homa alale kitandani kutwa nzima bila kumwogopa mtu. Ndoto yake ilikuwa hiyo, wala hakuona haya kuisema.

Ndiyo maana tangazo lilipobandikwa mlangoni alilisoma mara mbili fagio likiwa mkononi. Lilisema kwamba kutakuwa na mafunzo ya siku tano ya kuandika kwa kompyuta, kwa vibarua wote wanaopenda. Watakaoshika nafasi tatu za kwanza, majina yao yatapelekwa makao makuu waajiriwe ukarani. Mama Deki akaenda moja kwa moja kujiandikisha. Dereva, naye kibarua vilevile, alicheka mpaka akashika tumbo.

"Mama Deki, wewe na kompyuta wapi na wapi?"

"Nyinyi mnajua kinachobaki ndani," alisema Mama Deki. "Mimi najua kinachotoka."

Nyumbani, binti yake aliyekuwa kidato cha tatu alimchorea kibodi nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita, herufi zote mahali pake, pamoja na kile kitufe kirefu cha nafasi. Waliilaza mezani baada ya kula, mama akafanya mazoezi huku sufuria zikisubiri kuoshwa.

"Mama, usivitazame vidole."

"Nisipovitazama nitajuaje viko wapi?"

"Vitakuwa palepale ulipoviacha."

Mama Deki alijaribu, akakuta ni kweli.

Mafunzo yalifanyika stoo, kati ya mabomba na masanduku ya koki. Mwalimu alikuwa dada mwembamba mwenye miwani mikubwa na uvumilivu wa kupimwa kwa mizani. Wanafunzi walikuwa sita, kila mmoja na kompyuta yake ya zamani iliyoletwa na mwalimu. Siku ya kwanza walifundishwa kuwasha na kuzima, na mlinzi wa geti akazima kabla ya kuwasha. Siku ya pili walishika mausi, wakajifunza kuandika na kuhifadhi. Siku ya tatu wakafundishwa kufuta, na hapo sakafu ikaanza kupata tabu. Herufi zilimwagika kutoka kwenye meza sita kama choroko kutoka kwenye gunia lililotoboka. Dereva peke yake alifika mahali akawa amezama hadi vifundoni.

"Hilo lisiwasumbue," mwalimu alisema bila kuinama kutazama. "Mashine mpya huzimeza, hizi za zamani huzimwaga. Tuendelee."

Waliendelea. Lakini Mama Deki hakuangusha hata nukta. Alitazama kitufe, akakipima, akakibonyeza, akatafuta kingine, taratibu kama mtu anayevuka mtaro kwa kukanyaga mawe. Wenzake walipokuwa wamejaza ukurasa na kuufuta na kuujaza tena, yeye alikuwa na mistari mitatu, safi, haina doa. Mwalimu akaja kusimama nyuma yake.

"Mama, mbona hujafuta chochote?"

"Sijakosea."

"Lakini zoezi lenyewe ni kufuta. Andika sentensi, ichague yote, uifute."

"Nani atafagia?"

"Si yupo mfagiaji?"

Mlinzi akajikohoza.

"Mfagiaji ni mimi, mwalimu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Basi futa sentensi fupi," alisema.

Mama Deki alichomeka ncha za aproni yake kwenye ukingo wa meza, ikawa kama mfuko, akaandika "Mvua imenyesha." Akaichagua yote kwa mausi, akaifuta, nayo ikaanguka ndani ya aproni ikiwa nzima, pamoja na nukta yake. Hapo akagundua jambo ambalo miaka yote ya kufagia haikumfunulia: herufi zinazofutwa moja moja huanguka zimetawanyika, lakini zinazochaguliwa kwa pamoja na kufutwa kwa mkupuo huanguka zimeshikana. Alilitia akilini, akakung'uta aproni kwenye ndoo, akaomba zoezi jingine.

Ijumaa walifanya mtihani. Kunakili barua ya kurasa mbili, kukoleza kichwa cha habari, kupigia mstari tarehe, kuhifadhi. Mama Deki alimaliza wa mwisho, na karatasi yake haikuwa na kosa hata moja. Alikatwa alama tisa kwa kukosa kasi. Alipata tisini na moja, na aliyemfuata, yule dereva, alipata hamsini na nane. Mwalimu aliandika orodha ya washindi watatu kwenye kompyuta ya mkuu, ili mkuu aipeleke makao makuu, akabandika nakala yake mlangoni. Nambari moja ilikuwa jina kamili la Mama Deki, lake, la baba yake na la babu yake, kwa herufi kubwa zilizokolezwa. Watu walipita wakiulizana huyu ni nani.

"Ni mimi," Mama Deki aliwajibu, ndoo ikiwa mkononi, na furaha ikimtoka hadi puani. Alisema hivyo mara saba siku hiyo. Alipofika nyumbani akamwambia na binti yake, ikawa mara nane.

Jumatatu asubuhi alianza kufagia chumba cha mkuu, kama kawaida. Palikuwa na "tunaomba radhi" moja, na "haraka iwezekanavyo" iliyokatikakatika. Halafu fagio likagonga kitu kizito. Akainama. Lilikuwa jina lake, lote, kwa herufi kubwa zilizokolezwa, likiwa na ile nambari moja mbele na tisini na moja nyuma. Lilikuwa limeshikana kuanzia mwanzo hadi mwisho. Hakuna herufi iliyokuwa imeachana na mwenzake.

Mama Deki alichuchumaa, akalikagua tena. Kama lingekuwa limetawanyika angesema labda kidole kimeteleza. Alilinyanyua kwa mikono miwili, akaliweka kwenye kizoleo, akakaa kwenye ngazi kusubiri. Moyo ulimuuma, na hakujidanganya kwamba haumuumi.

Mkuu alifika saa mbili na robo. Alikuwa mtu wa adabu, asiyepandisha sauti, na mwenye kusoma kila kitu kwa kidole kabla ya kutia sahihi.

"Mkuu, hiki nimekikuta chini ya meza yako."

Mkuu akavaa miwani, akainamia kizoleo, akasoma kwa kidole. "Ni jina," alisema.

"Ni langu."

"Naona. Liko kamili?"

"Liko kamili."

"Basi halijapotea. Lichukue tu."

Mama Deki hakusogea. Mkuu akavuta kiti, akakaa, akamweleza kwa upole kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Makao makuu walitaka majina matatu tu, hawakutaka manne. Shemeji yake, ndugu wa mke wake, hana kazi tangu mwaka juzi, na nyumbani mambo si mazuri, mama watoto anakasirika, yeye mwenyewe halali.

"Lakini hakuhudhuria mafunzo," alisema Mama Deki.

"Ndiyo maana anahitaji kazi. Ajifunze."

Mama Deki alikipeleka kizoleo kwa karani wa masjala, mzee aliyetunza mafaili yote ya ofisi na aliyesifika kwa kutopoteza kitu. Karani alilipindua jina kwa ncha ya kalamu, akalitazama nyuma na mbele. Alisema kitu cha sakafuni si waraka, hawezi kukipokea bila karatasi. Mama Deki akaleta karatasi na gundi, wakalibandika. Karani akagonga muhuri wa IMEPOKELEWA, akafungua faili jipya, akalipa nambari, akalisukuma kabatini. Kabati lilifungika kwa shida kidogo kwa sababu ya ule wino mzito.

"Uliwaambia?" binti yake aliuliza jioni hiyo, macho yamemtoka.

"Niliwaambia."

"Wakasemaje?"

"Wamepokea."

Binti akaikunja ile kalenda kwa hasira, akaitupa kwenye kona. Mama yake akaiokota, akainyoosha kwa kiganja, akairudisha mezani.

Shemeji wa mkuu alianza kazi mwanzo wa mwezi, pamoja na dereva na mlinzi, ambao walipokutana na Mama Deki waligeuka kuwa watu wa kutazama saa. Ofisi nzima ilimwita Shemeji, hata waliomzidi umri. Alikuwa mtu wa miaka arobaini hivi, mwenye kitambi, manukato na roho nzuri. Kila asubuhi aliwasalimia watu wote mmoja mmoja, akauliza habari za nyumbani, akasikiliza majibu. Ubaya wake ulikuwa mmoja, kwamba hakujua kuandika. Alibonyeza kwa kidole kimoja, akafuta kwa vidole viwili. Neno "Ndugu" alilianza mara nne kabla ya kulipatia, na tarehe ilimchukua hadi wakati wa chai.

Saa nne herufi zilikuwa zimemfika kwenye magoti. Mama Deki, aliyezoea kufagia mara moja kwa siku, sasa alifagia mara tatu, na bado o zilimkimbia hadi kwenye ngazi. Mzee mmoja aliyekuja kulalamikia bomba alikanyaga nukta, akateleza chumba kizima, akasimama mbele kabisa ya foleni. Waliokuwa wametangulia walimwacha ahudumiwe, kwa kuwa alikwisha kufika. Mkuu ndiye aliyeudhika.

"Mama Deki," alisema, "usafi umekushinda?"

Miaka kumi na mmoja hakuna mtu aliyewahi kumuuliza vile! Kesho yake alifika saa kumi na mbili na nusu, akafagia, halafu akaketi kwenye kiti cha Shemeji. Barua za siku ile zilikuwa pale mezani, zimeandikwa kwa mkono wa mkuu kwa wino wa kijani, zikisubiri kuandikwa kwa kompyuta. Akaziandika zote nne. Hakuangusha kitu. Shemeji alipoingia akakuta kazi imekwisha, akashika mashavu.

"Dada yangu! Mungu akuzidishie. Nikufanyie nini mimi?"

"Usiguse hicho kitufe."

Ikawa ndiyo kawaida. Mama Deki alikuja mapema, akaandika barua, na Shemeji akakaa dirishani na gazeti lake, akimsomea habari za michezo kwa sauti ili asichoke. Wakati mwingine alimletea biskuti. Mchana alibonyeza vitufe viwili vitatu watu wamwone, na vumbi lililoanguka halikutosha hata kujaza kikombe. Nakala zilizokwenda makao makuu zilisifiwa. Watu wakasema Shemeji kumbe ni hodari, kumbe mafunzo si kila kitu. Mama Deki alisikia, akaendelea kukamua dekio.

Usidhani alifanya hivyo kwa wema. Alifanya kwa sababu kuandika barua nne kulimchosha kidogo kuliko kuzifagia. Na tuseme ukweli, kile kiti alikipenda. Kilikuwa na magurudumu, na alipomaliza barua ya mwisho alijisukuma kwa vidole vya miguu hadi dirishani na kurudi, mara moja tu, kisha akaenda kuosha vyoo.

Miezi minne ikapita hivyo. Jumamosi moja alikuta mezani karatasi moja peke yake, ya wino wa kijani. Akaitandaza kando ya kibodi, akaweka vidole tayari, akaisoma.

Ilikuwa barua ya kwenda kwa mfagiaji. Ilisema kwamba tangu karani mpya aanze kazi, uchafu wa sakafuni umepungua kiasi kwamba ofisi haioni tena sababu ya kufagiwa kila siku. Kuanzia wiki ijayo mfagiaji atafika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa tu, na atalipwa kwa siku hizo. Nakala apelekewe karani, kwa pongezi.

Hasira ilimpanda hadi masikioni. Aliinuka, akaizunguka meza, akatoa maneno ambayo hakuna mashine ingekubali kuyaandika, akakaa tena. Shemeji akaingia huku akihema kwa sababu ya ngazi.

"Leo ziko nyingi, dada?"

"Iko moja."

"Ya nani?"

"Yangu."

Shemeji aliisoma akiwa amesimama. Uso ulimshuka. Alikuna kichwa, akaisoma tena, akaona na pale alipopongezwa, akazidi kukuna.

"Pole sana, dada. Naumia, haki ya Mungu. Nitazungumza na shemeji yangu." Akaitazama ile kompyuta. "Lakini zile siku tatu nyingine utakuja kuandika tu, siyo? Maana mimi peke yangu..."

"Ngoja kwanza niimalize hii," alisema Mama Deki.

Aliandika tarehe. Aliandika kichwa cha habari, akakipeleka katikati kwa kitufe chake, bila kupoteza nafasi hata moja. Alipofika kwenye aya yenyewe vidole vikasimama. Kibodi ilikuwa mbele yake na hakuna aliyemshika mkono. Angeweza kuandika "unaajiriwa rasmi kuanzia leo", kwa herufi kubwa zilizokolezwa, bila kosa, tena kwa lugha nzuri kuliko ya mkuu.

Akalifikiria hilo hadi mwisho. Jumatatu hiyo mkuu angekuwa kikaoni kutwa, barua za Jumamosi angezisoma Jumanne. Angeisoma kwa kidole, angefika pale, angeichagua sentensi yote na kuifuta kwa mkupuo, nayo ingeanguka chini ya meza yake ikiwa nzima. Siku hiyo ya Jumanne mfagiaji asingekuwepo. Watu wangeikanyaga kutwa, na Jumatano asubuhi angeikuta imepondeka, akainama, akaizoa.

Mama Deki aliandika Jumatatu, Jumatano na Ijumaa kama ilivyoandikwa. Akaisoma barua mara mbili, akaongeza mkato mmoja ambao mkuu aliusahau kwenye wino wa kijani, akahifadhi. Hakuna herufi hata moja iliyoanguka.